Hii "kichwa chini" inawaharibu wanaoanza gofu

Ndugu Mhariri,

Mi ni msomaji wenu wa miaka mingi na gazeti nalianzia nyuma kwenye michezo ndio nakuja mbele, sasa juzi mlitoa maelekezo kwa watu wanaoanza gofu nikafurahi kwelikweli, maana gofu kwenye magazeti yetu ya Kiswahili inapewa kakona kadogo tu mpira wa miguu ukishamaliza ukurasa wote. Lakini nilipofika kwenye ile sehemu ya macho nikaweka gazeti pembeni. Mmeandika mchezaji aukazie macho mpira na kichwa kibaki chini mpaka amalize kabisa kupiga, na picha mmeweka ya mtoto kidevu kimegota kifuani, fimbo imeshapita na mpira haupo tena pale lakini yeye bado anaangalia nyasi. Mhariri naomba nafasi nijibu, maana hilo neno nimeishi nalo tangu nikiwa na miaka 13 na nimeona lilichonifanya mimi na linachowafanya watoto ninaowafundisha saa hizi.

Nilianza kama kedi hapa Arusha. Nilibeba mabegi ya watu miaka mingi kabla sijawa na fimbo yangu mwenyewe, na Jumatatu ndio ilikuwa siku yetu sisi makedi kucheza, tulikuwa wanne tunashea fimbo moja ya chuma, aironi namba saba. Aliyekuwa anatuelekeza (simtaji, alitupenda na alitupa muda wake bure) alijua neno moja tu, kichwa chini. Ukitopu, yaani ukigonga mpira kwa juu ukabiringika kama chungwa, kichwa chini. Ukichimba ardhi kabla ya mpira, kichwa chini. Mpira ukikatika kwenda kulia kwenye miti, kichwa chini. Mimi alifika mahali ananishikia kichwa kwa mkono wakati napiga. Nikajifunza kuganda, kidevu kwenye kifua, mabega yakifika kwenye mpira yanagonga kidevu yanasimama, mikono inaendelea peke yake, na kwa miaka kama sita mipira yangu yote ilikuwa inaenda kulia na shingo ilikuwa inaniuma mpaka Jumatano. Nilidhani ndio gofu ilivyo.

Kilichonifumbua macho ni kazi yenyewe ya ukedi. Kwenye mashimo ambayo hauoni mpira unapodondokea kedi mmoja hutangulizwa mbele kwenda kukaa pembeni ya uwanja, mita 180 au 200 huko, kazi yake ni kuangalia mipira inapoangukia. Sasa ukiwa kule mbele unaona kitu ambacho aliyesimama nyuma ya mchezaji haoni, unaona sura. Wale wazuri wa klabu, watu wa handikepu tano au chini ya hapo (handikepu ni alama ya kiwango, ikiwa ndogo mtu ni mzuri zaidi), nilikuwa naona sura zao mapema sana, mpira bado unapanda na sura imeshageuka inakuja kwangu. Wale wanaohangaika sura zao nilikuwa sizioni kabisa, nilikuwa naona kofia. Kofia, kofia, halafu baadae sana inainuka ghafla kwa mshtuko huku mtu anauliza mpira umeenda wapi. Nilikaa na hicho kitu mwaka mzima kabla sijathubutu kukijaribu mwenyewe, maana ukishaambiwa kitu na mkubwa wako kila siku unaogopa.

Na sio Arusha tu. Machi 2023 nilipanda basi kupitia Namanga kwenda Nairobi kuangalia Kenya Open pale Muthaiga, mwaka ule alishinda Mhispania Jorge Campillo, na mi sikwenda kuangalia nani anaongoza, nilisimama kwenye uwanja wa mazoezi asubuhi nzima naangalia vichwa tu. Vichwa vinatulia wakati fimbo inarudi nyuma, vinatulia wakati inashuka, halafu mpira ukiondoka kichwa kinazunguka pamoja na kifua, hakinyanyuki kwenda juu, kinazunguka kama mlango kwenye bawaba. Sikuona hata mmoja aliyebaki na kidevu kifuani kama yule mtoto wa kwenye picha yenu.

Tena wapo waliozidi hapo. Annika Sörenstam wa Sweden, ambaye ameshinda mara 72 kwenye LPGA, yaani tua ya wanawake wa kulipwa ya Marekani, na meja 10 (meja ni yale mashindano makubwa kabisa) na mwaka 2001 akawa mwanamke wa kwanza kupiga mikwaju 59 kwenye mashindano ya tua hiyo, yeye fimbo ikifika kwenye mpira macho yake yalikuwa yameshaanza kuondoka kuelekea mpira unakoenda. Ukisimamisha video pale pale kwenye kugusa unaona kabisa haangalii mpira. David Duval hivyohivyo, naye ana 59 yake ya mwaka 1999 na The Open, ile meja ya Uingereza, ya 2001. Henrik Stenson hivyohivyo, ameshinda The Open ya 2016 kule Royal Troon kwa mikwaju 264, ishirini chini ya paa, yaani pungufu ya mikwaju inayotarajiwa kwa mchezaji mzuri. Hawa wangekuja kwenye ile Jumatatu yetu wangepigiwa kelele kuanzia shimo la kwanza mpaka la mwisho. Sisemi kila mtu awaige, wengi wa wachezaji wakubwa wanauona mpira mpaka unaguswa. Nasema kwamba kama kugandisha kichwa ndio kungekuwa msingi wa gofu, basi hawa watatu wasingeshinda hata kikombe cha klabu.

Sasa kwanini? Chukua sekunde moja uigawe vipande 2,000, mpira unakaa kwenye uso wa fimbo kipande kimoja tu, basi, ni hicho. Fimbo kushuka kutoka juu mpaka kwenye mpira ni kama robo ya sekunde. Na mwanadamu akiona kitu mpaka mwili uanze kuitikia inachukua karibu sekunde 0.2. Kwahiyo piga hesabu mwenyewe, ukiona kwamba fimbo inakuja vibaya hauna tena muda wa kufanya chochote, mpira umeshaondoka. Macho hayaongozi fimbo wakati wa kugusa, macho kazi yao wameshaimaliza kabla, ya kukuambia mpira uko wapi, umbali gani, mwili ujipange vipi, na wakati fimbo inasafiri yanausaidia mwili usiyumbe. Baada ya hapo hamna kitu pale chini cha kuangalia, ni nyasi. Kumlazimisha mtoto aendelee kuangalia nyasi wakati mwili wake unataka kuzunguka ni kumfungia breki katikati ya safari, na breki hiyo inashikwa na shingo na mgongo.

Najua mtu atasema lakini mbona nikiinua kichwa natopu? Hapa ndipo panaponiuma zaidi kwasababu ni ugonjwa mmoja unapewa dawa ya ugonjwa mwingine. Ukitopu mara nyingi ni kwasababu uzito umebaki mguu wa nyuma, au umekunja viwiko ukijaribu kuusaidia mpira upae kama unauchota na kijiko, au mwili wote umesimama kutoka kwenye ile pozi uliyoanza nayo. Kiuno kikisukumwa kwenda mbele kwenye mpira, mgongo unanyooka, na mgongo ukinyooka kichwa kinaenda wapi? Kinapanda juu nao. Mtu aliyesimama pembeni anaona kichwa kimepanda anasema umeinua kichwa, wakati kichwa kimebebwa tu kama abiria wa nyuma kwenye bodaboda. Ukimwambia mtoto kichwa chini hapo hujagusa kiuno, hujagusa mguu, hujagusa kiwiko. Kesho anatopu tena na sasa na shingo inamuuma.

Mzee mmoja niliyembebea begi kwa muda mrefu alikuwa na tatizo hili kwa sababu nyingine kabisa na nadhani wapo wengi kama yeye. Alikuwa anavaa ile miwani yenye lenzi mbili, juu ya mbali chini ya kusomea. Akisimama kwenye mpira kawaida anauangalia kupitia sehemu ya chini, ile ya gazeti, mpira unakuwa ukungu, basi anashusha kidevu ili auone kwa lenzi ya juu. Kidevu kikishuka bega la kushoto halina pa kupita. Mwaka mzima watu wanamwambia mzee unainua kichwa, kumbe shida yake ni kwamba amekishusha mno tangu mwanzo. Siku moja nikamwomba, shikamoo mzee, leo jaribu ile miwani yako ya mbali tupu ya kuendeshea gari. Akasimama wima kidogo, kidevu kikaachana na kifua, na mpira alioupiga kwa aironi namba sita pale shimo la nne bado naukumbuka.

Kuna kisa cha Jack Nicklaus, bingwa wa zamani wa Marekani, watu wanapenda kukitumia kutetea hii kichwa chini, kwamba alipokuwa kijana kule Ohio mwalimu wake Jack Grout alikuwa anamsimamishia mtu mbele yake amshike nywele wakati anapiga, akitikisa kichwa zinavutika anaumia. Kisa ni cha kweli. Lakini angalia kinachofundishwa pale, ni kichwa kisihame kwenda kushoto kulia wala kupanda na kushuka, haikuwa kidevu kikae kifuani. Huyohuyo Nicklaus kabla hajaanza kurudisha fimbo alikuwa anageuza kidevu chake kidogo kwenda kulia ili bega lipite kwa uhuru, unaweza kuona kwenye kila video yake, na ana meja 18. Kutulia sio kuganda. Mtoto anaweza kuelewa tofauti hiyo ukimwonyesha, tatizo ni sisi wakubwa tunaotaka kumaliza somo kwa maneno mawili.

Nikija kwenye kupati, yaani ule mpira wa kuusukuma kwenye grini uingie shimoni, hapo mhariri nakubaliana na makala yenu kwa sehemu kubwa na ningependa mngetenganisha. Huku mwili hauzunguki, hamna spidi, na kutulia kwa macho kuna faida kubwa. Kuna mtafiti wa Canada anaitwa Joan Vickers wa Chuo Kikuu cha Calgary, mwaka 1992 alitoa utafiti akiwa amewavalisha wachezaji kifaa cha kufuatilia macho wakati wanapati, akakuta wazuri hawarushi macho huku na huku, wanaangalia shimo kwa utulivu, wanarudi kwenye mpira, halafu wanayatuliza macho sehemu moja kwenye mgongo wa mpira kama sekunde mbili hivi au tatu ndio wanapiga, na mpira ukiondoka macho yanabaki palepale kwenye nyasi kidogo tena. Wale wasio wazuri macho yanarukaruka, mpira, fimbo, shimo, mpira, fimbo. Sisi makedi wa zamani tulikuwa na njia yetu ya kusema hivyo, usiuangalie, usikilize ukidumbukia. Kwenye zile brauni za zamani, mchanga uliochanganywa na oili badala ya nyasi, ilikuwa rahisi zaidi maana mpira unaacha mstari kwenye mchanga, kwahiyo hauna haja ya kuukimbilia na macho, unamaliza kupiga ndio unainua uso unasoma ulipita wapi.

Na hata kwenye kupati hakuna sheria ya msahafu. Jordan Spieth mwaka aliobeba meja mbili, Masters na US Open, 2015, kwenye pati fupi alikuwa anaangalia shimo wakati anapiga, haangalii mpira hata kidogo. Sergio Garcia mwaka 2020 aliposhinda kule Mississippi alisema waziwazi kwamba anapati macho yamefumbwa na kwamba hata Masters yake ya 2017 alikuwa anafanya hivyo. Na wapo ndugu zetu wasioona wanaocheza gofu, wana mashindano yao ya kimataifa, kila mchezaji anakuwa na mtu wake wa kumwekea fimbo nyuma ya mpira na kumpa mwelekeo, halafu anapiga mwenyewe na mpira unapaa vizuri tu. Mi nikifikiria hao ndio naelewa kwamba mpira unapigwa na mwili uliojipanga, macho yanasaidia kujipanga.

Kwahiyo mtu atauliza aangalie wapi. Ninavyowafundisha mimi ni hivi. Kabla haujasimama kwenye mpira simama nyuma yake, tazama unakotaka uende, halafu chagua kitu kidogo mbele ya mpira kwenye mstari huohuo, jani, kipara cha nyasi, hatua moja au mbili tu, Nicklaus alikuwa anafanya hivyo. Hicho ndio unalenga, sio mti ulio mita 150. Ukishasimama angalia mpira kwa utulivu kama unavyomwangalia mtu anayekuelekeza njia, usiukodolee, ukikodoa mikono nayo inakaza. Kwa aironi nawaambia macho yaende upande wa mbele wa mpira, ule unaoelekea shimoni, kwasababu fimbo inatakiwa ipige mpira kwanza ndio ikwangue nyasi mbele yake, na mtoto akiangalia pale uzito wenyewe unahamia mguu wa mbele. Kwenye banka, lile shimo la mchanga, usiangalie mpira kabisa, angalia mchanga kama sentimita tano nyuma ya mpira, hapo ndipo fimbo inaingia. Draiva, ile fimbo ndefu ya kupigia mbali, angalia mgongo wa mpira. Na kwenye zote hizo mpira ukishaondoka acha bega la kulia likiinue kidevu chako lenyewe, geuka nalo, uuone mpira wako ukiruka, ni haki yako. (Anayepiga kwa kushoto ageuze maelezo, ninao wawili.)

Kujipima hauhitaji simu wala kamera. Nenda asubuhi au jioni jua likiwa chini, simama jua liwe mgongoni, weka kivuli cha kichwa chako juu ya mpira au juu ya kifuniko cha soda, halafu piga swingi, yaani zungusha fimbo kama unapiga, bila kuugusa mpira. Kivuli kikihama sana kwenda pembeni unayumba, kikirefuka unanyanyuka. Watoto wanaupenda sana huu mchezo na hauna gharama, kuanzia saa kumi na moja jioni jua letu linatosha.

Lakini kuna jambo moja ambalo nataka kulisema hata kama mtakata mengine yote kwa ajili ya nafasi. Watoto wengi wanaojifunza gofu kwetu ni watoto wa makedi na wa mitaa inayozunguka viwanja, wanakuja na mpira mmoja. Mpira mmoja mhariri, ameuokota kwenye mto au amepewa, ukipotea ndio amemaliza kucheza mpaka wiki ijayo. Huyo mtoto anainua kichwa mapema sio kwasababu hajui, anainua kwasababu anaogopa kupoteza mali yake. Nilikuwa hivyo. Unamwambia kichwa chini wakati moyo wote uko juu kule unatafuta mpira unaangukia wapi, unamfanya achague kati ya kumtii mwalimu na kubaki na mpira. Nilikuwa na binti mmoja wa miaka 11 alikuwa anashtuka na kunyoosha mwili mzima kila akipiga, nikamrekebisha miguu, nikamrekebisha mikono, wapi. Siku nikamuuliza unaogopa nini akanijibu kwa sauti ndogo, mjomba nikiupoteza huu sina mwingine. Nikamweka mwenzake mbele, nikamwambia wewe kazi yako ni kuuona mpira wa dada hata ukienda Moshi, na wewe dada kazi yako ni kupiga. Mpira wa tatu tu alishaacha kushtuka. Kwenye swingi yake sikugusa chochote.

Toka siku ile ndio utaratibu wetu, watoto wawili wawili, mmoja anapiga mwingine yuko mbele pembeni pale ambapo mpira hauwezi kumpata, anaangalia. Wanabadilishana kila mipira kumi. Mtu mwenye kedi amezoea, kedi ndiye macho yake, anapiga kwa amani, basi na mtoto apewe hiyo amani.

Ninachoomba mhariri ni kwamba mtoe tena maelekezo yale kabla shule hazijafungwa, maana likizo ndio viwanja vinajaa watoto na wazazi wanakata vipande vya gazeti wanawapa, mmoja alikuja na kipande chenu kimekunjwa mfukoni ndio nikajua. Tenganisheni swingi na kupati, muondoe ile picha ya kidevu kifuani. Kama hamna picha nyingine mpigapicha wenu wa huku Arusha aje Jumamosi saa moja asubuhi jua likiwa bado chini, tunakuwepo kila wiki. Ila asisimame nyuma yao. Aende mbele, pembeni kidogo anapokaa mtoto wa kuangalia mipira, apige picha akiwa kule, sura zao zitaonekana.

Wenu msomaji,
Kedi wa zamani,
Arusha